Kasongo na Kabambare: Somo ambalo walimu wa Kijapani wanawaachia walimu wa Kiswahili

Mtoto wa Kasongo anapoingia darasa la kwanza la primeri, anakuja na Kiswahili chake mdomoni. Mwenzake wa kijijini Kabambare anakuja na Kibangubangu, na Kiswahili anakijua cha sokoni na cha barabarani. Miaka michache baadaye, wote wawili wanatakiwa kuhesabu, kuandika na kufanya mtihani wa mwisho wa primeri kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wao hawaisikii nyumbani hata mara moja kwa juma.

Shida hiyo si ya Maniema peke yake, na si ya Afrika peke yake. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, Japani ilisimama kwenye njia panda hiyo hiyo: watoto wafundishwe kwa lugha gani, na nani atawafundisha walimu wao? Jibu ambalo inchi hiyo ilichagua linaeleza sehemu kubwa ya namna Kijapani kilivyofika kufundishwa leo katika inchi zaidi ya 140. Kwa wazazi, madirekta na walimu wa kusini mwa Maniema, historia hiyo inastahili kusomwa kwa makini, pamoja na makosa yake.

Waziri aliyetaka kuacha lugha yake

Mwaka wa 1872, Mori Arinori alikuwa mwakilishi wa Japani mjini Washington, Marekani. Alikuwa kijana, msomi, na mwenye haraka ya kuona inchi yake ikifikia nguvu za Ulaya. Mwaka huo alimwandikia barua William Dwight Whitney, mtaalamu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Yale, akimueleza wazo lake: Kijapani hakitoshi kwa elimu ya kisasa, afadhali Wajapani wachukue Kiingereza kilichorahisishwa.

Whitney hakumuunga mkono. Alimshauri kwamba elimu ya watu wote inapaswa kupita katika lugha yao wenyewe. Mjapani mwingine aliyekuwa akisoma London, Baba Tatsui, alijibu kwa kazi: mwaka wa 1873 alitoa kitabu cha sarufi ya Kijapani, ili kuonyesha kwamba lugha hiyo ina mpango wake na inaweza kufundishwa. Baba alitoa pia onyo. Shule ikiwa ya lugha ya kigeni, alisema, wenye mali na wenye nafasi ndio watakaoijua, na watu wa kawaida watabaki nje ya mambo ya inchi yao. Taifa moja litakuwa mataifa mawili.

Msomaji wa Kasongo hahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Anajua jinsi barua kutoka ofisi ya Serikali inavyoweza kuzunguka mtaa mzima ikitafuta mtu wa kuisoma na kuieleza.

Walimu kwanza

Mwaka huo huo wa 1872 Japani ilitoa sheria yake ya kwanza ya elimu ya kisasa. Sheria ilipanga shule za primeri zaidi ya 53,000. Lakini shule bila mwalimu ni ukuta tu, na walimu wa namna hiyo hawakuwepo. Kwa hiyo mwaka huo huo ilifunguliwa shule ya ualimu mjini Tokyo. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Mmarekani, Marion Scott. Alifundisha kwa Kiingereza, na mkalimani akitafsiri. Aliwaonyesha namna ya kupanga watoto kwa madarasa, kutumia ubao na picha za ukutani, kuuliza maswali na kungoja jibu. Wanafunzi wake walipomaliza, walikwenda majimboni kufundisha. Hawakufundisha kwa Kiingereza. Walichukua ufundi wa mgeni wakautia ndani ya lugha yao.

Hapo ndipo Japani ilipopata njia yake. Mgeni aliitwa kwa muda, kwa kazi moja: kuzaa walimu wa kienyeji. Wasomi nao walikaa chini kutunga maneno ya elimu mpya. Neno la falsafa, tetsugaku, lilitungwa na Nishi Amane katika miaka hiyo. Simu ikaitwa denwa, maana yake maongezi ya umeme. Hesabu, sayansi na sheria zikaanza kusomwa kwa Kijapani.

Jambo la ajabu ni kwamba Mori Arinori mwenyewe, yule aliyetaka Kiingereza, ndiye aliyekuwa waziri wa kwanza wa elimu mwaka wa 1885. Mwaka wa 1886 alitoa amri ya shule za ualimu: mwanafunzi anayejifunza ualimu alilishwa, alivalishwa na kusomeshwa kwa fedha za Serikali, na baadaye alipaswa kuitumikia shule kwa miaka iliyowekwa. Kufikia mwaka wa 1905, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye umri wa primeri walikuwa wameandikishwa shuleni.

Mwenye kulinganisha na hali ya Kongo ataona tofauti mara moja. Tangu Septemba 2019, elimu ya primeri katika shule za Serikali ni ya bure, na watoto wengi walirudi darasani. Lakini wapo walimu wengi nchini wanaofundisha bila kuwa kwenye listi ya mshahara ya Serikali. Katika Kabambare, hali inazidi kuwa ngumu kwa sababu ya barabara mbovu, usalama mdogo upande wa Salamabila, na machimbo ya zahabu ambayo yanawavuta vijana kutoka darasani. Mwalimu asiyelipwa naye anaona njia ile ile ya machimbo.

Lugha yenye jeraha

Kabla ya kuchukua mfano wa Japani, inafaa kusema pia mabaya yake. Kuunganisha inchi kwa lugha moja kulikuwa na bei. Katika visiwa vya Okinawa, mtoto aliyesikiwa shuleni akisema lugha ya kwao alitundikwa kibao shingoni, akakibeba mpaka amkamate mwenzake kwa kosa hilo hilo. Wazee wengi wa Afrika waliosoma shule za wakoloni wanalijua jambo hilo kwa majina mengine. Tena, Japani ilipotawala Taiwan kuanzia 1895 na Korea kuanzia 1910, ilipeleka huko walimu wa Kijapani si kama zawadi, bali kama nguvu ya utawala. Wakorea hawajasahau mpaka leo.

Kiswahili cha Maniema nacho kina jeraha lake. Kasongo ilikuwa makao makubwa ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa Zanzibar, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Lugha ilipanda pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka pwani kupita ziwa Tanganyika, kupita Kabambare mpaka Lualaba. Jeshi la Leopold chini ya Dhanis liliingia Kasongo Aprili 1893, na utawala wa Waarabu na Waswahili ukavunjika. Lakini lugha haikuondoka. Watu wa mahali walikuwa wameshaifanya yao, wakaiita Kingwana, lugha ya wangwana, yaani watu huru. Wamisionari na wakubwa wa Kibelgiji waliikuta hapo na wakaitumia. Mwaka wa 1928, mmisionari John Whitehead alitoa kitabu cha kufundisha Kingwana, kilichotoka Wayika kando ya Lualaba.

Mpaka leo Kiswahili cha Kasongo kinahesabiwa kuwa karibu zaidi na cha pwani kuliko kile cha Lubumbashi au Bunia. Mtoto wa Kasongo ana bahati ambayo wengine hawana: buku la Kiswahili sanifu halimtishi. Hata hivyo anakutana na tofauti. Nyumbani anasema «kitabu yangu» na «eko wapi», buku linasema «kitabu changu» na «yuko wapi». Mwalimu asiyefundishwa namna ya kuieleza tofauti hiyo ataishia kumwambia mtoto kwamba hajui lugha ya mama yake.

Namna Kijapani kinavyofundishwa leo

Baada ya vita vya pili vya dunia, Kijapani kilianza kutoka nje kwa njia nyingine: kwa biashara, kwa masomo, kwa filamu na michoro ya vijana. Mwaka wa 1972 Serikali ya Japani iliunda shirika la Japan Foundation, lenye kazi ya kupeleka lugha na utamaduni nje ya inchi. Kazi yake inasimama juu ya nguzo tatu.

Ya kwanza ni mtihani mmoja unaojulikana kila mahali. Mtihani wa Kijapani, JLPT, ulianza mwaka wa 1984. Tangu 2010 una ngazi tano, kutoka N5 ya wanaoanza mpaka N1 ya wanaosoma karibu kila kitu. Mwanafunzi wa Nairobi, ambako mtihani huo unafanyika, anapata cheti kile kile cha mwanafunzi wa Paris.

Ya pili ni vitabu vyenye kipimo cha vitendo. Mwanafunzi haulizwi tu kama anajua kanuni. Anaulizwa anaweza kufanya nini: kujitambulisha, kuuliza bei, kumweleza daktari mahali panapouma. Idhaa ya NHK World, yenye matangazo kwa Kiswahili, imetoa pia masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Mtu wa Kasongo mwenye simu na mtandao anaweza kuanza leo bila kupita kwanza katika Kiingereza.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni walimu. Mwaka wa 1989 Japan Foundation ilifungua chuo huko Urawa, karibu na Tokyo, kwa ajili ya kuwafundisha walimu wa Kijapani wanaotoka inchi nyingine. Wazo ni lile la 1872 lililogeuzwa upande: Japani haiwezi kutuma mwalimu kila mahali, basi imwongezee ufundi mwalimu wa mahali. Mkenya anayefundisha Kijapani anajua ni wapi ulimi wa mwanafunzi wake utakwama. Kenya ina chama cha walimu wa Kijapani, JALTAK, ambacho kinawakutanisha walimu hao. Katika Tanzania, Kijapani kimefundishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma kwa msaada wa watu wa kujitolea wa JICA. Huko Kinshasa, Chuo Kikuu cha Keio cha Japani kimeshirikiana na Wakongo katika shule ya primeri ya ACADEX, na JICA ilisaidia kupanua jengo la INPP, mahali pa kujifunzia kazi za mikono.

Kulingana na uchunguzi wa Japan Foundation wa mwaka wa 2021, watu 3,794,714 walikuwa wakijifunza Kijapani katika mashule na vyuo nje ya Japani, wakiwa na walimu 74,592. Hiyo ni karibu wanafunzi 51 kwa mwalimu mmoja.

Mswahili anayo nafasi nzuri

Kwa mtu wa Kasongo, Kijapani si kigumu mdomoni. Kina irabu tano zilezile, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Neno kawa, mto, linasomeka kama lilivyoandikwa. Kuna maneno yanayofanana kwa sauti bila undugu wowote, na yanachekesha darasa: mimi kwa Kijapani ni sikio, kama ni mundu, na sasa ni aina ya mwanzi mdogo.

Ugumu uko kwingine. Kitendo kinakuja mwisho: Mjapani anasema «mimi kitabu nasoma». Maandishi ni ya aina tatu kwa pamoja: hiragana na katakana, kila moja yenye alama 46 za msingi, na kanji, alama zilizotoka Uchina, ambazo listi yake ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Mtoto wa Kijapani mwenyewe anajifunza 1,026 katika miaka sita ya primeri.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu Mswahili angelieleza vizuri kuliko mwalimu Mzungu. Mjapani hahesabu vitu vyote kwa namna moja. Watu wawili ni futari, karatasi mbili ni nimai, fimbo mbili ni nihon. Kwa Mfaransa hiyo ni shida mpya. Kwa mtu anayesema watu wawili, miti miwili, vitabu viwili, jambo la neno la hesabu kubadilika kufuatana na kitu si geni hata kidogo. Mwalimu anayeijua lugha ya mwanafunzi anapata daraja. Asiyeijua anaanza kujenga kwenye maji.

Utamaduni nao unafundishwa ndani ya lugha. Kijapani kina maneno ya heshima kwa mkubwa, kwa mgeni na kwa mwalimu, sensei. Shuleni, wanafunzi wenyewe wanafagia darasa na kupangusa vyumba, na hilo linahesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Mzazi wa Kabambare atasema kwamba hata kwetu watoto wanafagia. Ndiyo, lakini huko ufagio hautolewi kama azabu.

Wajapani waliokuja Maniema

Njia kati ya Japani na Maniema imekwisha pitiwa na watu. Mtafiti Ankei Yuji aliishi kati ya Wasongola, kaskazini mwa Kindu, akachunguza masoko ambako wavuvi wa Lualaba walibadilisha samaki kwa vyakula vya wakulima wa msituni. Maandishi yake kuhusu samaki kama aina ya fedha yalitoka mwaka wa 1984. Mke wake, Ankei Takako, aliandika mapishi ya Wasongola, na kazi hiyo ilichapishwa na Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka wa 1990. Huko Kivu, Kaji Shigeki alitunga katika miaka ya 1980 kamusi ya lugha nne: Kitembo, Kiswahili cha Zaire, Kijapani na Kifaransa. Chuo Kikuu cha Osaka kina idara ambako vijana wa Kijapani wanasoma Kiswahili kama somo lao kubwa.

Hapo kuna jambo la kufikiria. Kijana wa Osaka anaweza kupata mwalimu wa Kiswahili aliyefundishwa kazi hiyo, kamusi na programu ya miaka minne. Kijana wa Kasongo, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, mara nyingi hapati hata buku moja la kusomea.

Sheria iko, ufundi ndio haujafika

Kwa upande wa sheria, Kongo haina deni. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kutumika kufundishia na kufundishwa kama somo. Julai 2022 Kongo ilikamilisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili kinatumika. Umoja wa Afrika uliipokea lugha hiyo kama lugha ya kazi mwaka huo huo.

Lakini sheria haishiki chaki. Mwalimu wa primeri katika Kongo anatoka kwa kawaida katika sekondari ya pedagojia, ambako yeye mwenyewe alisoma kwa Kifaransa namna ya kufundisha. Akifika darasani Kabambare, anatafsiri kichwani: somo la hesabu kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na pengine kutoka Kiswahili kwenda Kibangubangu. Hakuna aliyempa neno la kila kitu. Kila mmoja anatunga lake, na mtoto akihama shule anakuta maneno mengine.

Mfano wa Japani unaonyesha kazi tatu ambazo hazingoji fedha nyingi kutoka mbali. Ya kwanza ni walimu wa shule jirani kukaa pamoja na kupatana juu ya maneno ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili, wakayaandika. Ya pili ni sekondari za pedagojia za Kasongo na Kabambare kumpa kila mwanafunzi wa ualimu nafasi ya kufundisha somo zima kwa Kiswahili mbele ya mwalimu wake, arekebishwe, kama anavyorekebishwa kwa Kifaransa. Ya tatu ni kuwa na kipimo: mtoto wa mwaka wa pili aweze kusoma nini, kuandika nini, kueleza nini. Bila kipimo, inspekta anahesabu madaftari tu.

Kuna moja ambayo inahitaji Serikali kabisa, nayo ni mshahara. Japani ya 1886 haikuwa tajiri. Ilikuwa inchi ya wakulima, yenye woga wa kutawaliwa. Hata hivyo ilimlisha mwanafunzi wa ualimu kabla hajafundisha neno moja. Ilielewa kwamba mtu mwenye njaa hawezi kubeba lugha ya taifa.

Kifaransa hakitaondoka Kasongo, na hakuna sababu ya kukifukuza. Mjapani naye anasoma Kiingereza tangu primeri. Tofauti ni kwamba anakisoma akiwa amekwisha jua kusoma na kuandika kwa lugha anayoota nayo usiku. Kwa mtoto wa Kabambare, ngazi ya kwanza inaweza kuwa Kibangubangu, ya pili Kiswahili, ya tatu Kifaransa. Akizipanda kwa mpango, na mwalimu anayejua kazi yake pembeni, hata Kijapani kitakuwa ngazi nyingine tu.